Nyumba Isiyo na Tanzia

Tarehe 20 Januari 1971, siku ya mapumziko mjini Rio de Janeiro, watu wenye silaha waliovaa kiraia waliingia katika nyumba moja ya mtaa wa Leblon, karibu kabisa na ufuko wa bahari, wakamwambia baba mwenye nyumba kwamba anatakiwa kwenda kutoa maelezo. Aliitwa Rubens Paiva, mhandisi, aliyewahi kuwa mbunge mpaka wanajeshi walipomvua ubunge mwaka 1964. Akavaa suti na tai, akaagana na mkewe, akaliendesha gari lake mwenyewe kuelekea huko alikoitwa. Hakurudi. Siku tano baadaye, tarehe 25, Idi Amin aliipindua serikali ya Uganda. Mimi wakati huo nilikuwa binti Bukoba, ng'ambo tu ya mpaka, na wala sikujua kwamba kuna nchi inaitwa Brazili iliyokuwa na wajane wa aina ileile tuliokaribia kuwapokea sisi.

Nimeitazama filamu iliyotengenezwa na Walter Salles kuhusu nyumba ile ya Leblon. Jina lake ni Ainda Estou Aqui, yaani Bado Nipo Hapa. Ilitoka mwaka 2024, na mwaka uliofuata ikaipatia Brazili tuzo ya Oscar ya filamu bora ya kimataifa, mara ya kwanza kwa nchi hiyo. Salles alipokuwa kijana alikuwa akiingia na kutoka katika nyumba hiyo. Watoto wa Paiva walikuwa rafiki zake. Kisa chenyewe kimetoka katika kitabu cha Marcelo, mtoto pekee wa kiume kati ya watano. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba waliosimulia ni watu waliokalia viti vya sebule ile.

Wajukuu zangu, na vijana wengi wa rika lao, wana swali moja wanalotuuliza sisi tulioishi zama za mapinduzi ya kijeshi. Wanauliza kwa adabu, lakini ndani yake mna lawama. Bibi, kwa nini mlinyamaza? Watu walichukuliwa mchana kweupe, ninyi mkaendelea kupika, kufua, kupeleka watoto shule. Mlikuwa waoga? Nimelibeba swali hilo miaka mingi na majibu yangu yamekuwa mafupi mno. Filamu hii imenipa jibu refu ninalolitaka, na nalisema hapa bila kuzunguka: kule kupika na kufua na kupeleka watoto shule ndiko kulikokuwa kupambana kwetu, na aliyekufanya zaidi ya wote ni mama.

Mtengeneza filamu hana haraka. Anakaa muda mrefu katika nyumba yenye furaha. Watoto wanacheza mpira mchangani, mmoja anaokota mbwa na kumwingiza nyumbani kwa hila, wasichana wanapiga santuri na kucheza, wageni wanakuja kula, baba anavuta sigara yake nene na kuwachekesha watu. Mama, Eunice, anaogelea, na helikopta ya jeshi inapita juu ya kichwa chake. Binti mkubwa anarudi kutoka matembezini na wenzake, wanasimamishwa na askari njiani, wanamulikwa tochi usoni. Basi. Kisha maisha yanaendelea. Mtu asiyeijua hali hiyo atadhani msimulizi anapoteza muda. La. Udikteta haukuwa mvua ya kila saa. Mtu alikuwa anasherehekea harusi Jumamosi, Jumatatu anasikia fulani hajaonekana. Watawala wa Brazili walikuwa madarakani tangu 1964, na Desemba 1968 walitoa amri yao ya tano, iliyolifunga bunge na kuwanyima watuhumiwa wa siasa haki ya kupelekwa mbele ya hakimu. Na bado watu walikwenda ufukweni. Ndivyo binadamu alivyo. Asiyekubali hilo hatatuelewa.

Wakaja. Wakafunga mapazia mchana. Baba akaondoka nao, wengine wakabaki ndani ya nyumba kuwalinda mke na watoto, yaani kuwateka. Na Eunice anafanya nini? Anawauliza kama wamekula. Nilipoona hapo nililia, na wajukuu wakanishangaa, maana wao walitaka apige kelele. Mwanamke aliyelelewa vizuri hamwachi aliye chini ya paa lake na njaa, lakini siyo hilo peke yake. Mwenye bunduki akishakula chakula chako, anakaa kitako, mkono unalegea, watoto wanaweza kupita kwenda chooni bila kusukumwa. Alikuwa anawalinda watoto wake kwa sahani. Hakuna chuo kinachofundisha hilo, na wanawake wa kizazi changu walilijua.

Kesho yake yeye na binti yake wa pili, Eliana, mwenye umri wa miaka 15, wakavishwa mifuko kichwani na kupelekwa katika kambi ya jeshi. Binti aliachiwa baada ya siku moja. Mama alikaa siku 12, akipewa albamu za picha aoneshe anaowafahamu, akisikia mayowe ya watu wengine nyuma ya kuta. Mume alikuwa katika mikono ya jeshi hilohilo, na kwa ushahidi uliokuja kupatikana miaka mingi baadaye, alikufa kwa mateso ndani ya siku moja au mbili za mwanzo. Mkewe anaulizwa maswali kumhusu, na huenda wanaomuuliza wanajua kwamba amekwisha kufa. Kosa la Rubens lilikuwa barua: aliwasaidia Wabrazili waliokimbilia Chile kuwasiliana na jamaa zao.

Jeshi likatoa maelezo kwamba mfungwa alitoroka. Kwamba gari lililombeba lilishambuliwa njiani na wenzake, akakimbia. Hakuna aliyeamini, lakini uongo wa serikali hauhitaji kuaminiwa, unahitaji tu kuandikwa. Ukishaandikwa, mtu huyo hajafa wala hajafungwa. Ametoroka. Mkewe akienda benki anaambiwa alete saini ya mume. Akitaka kuuza kiwanja, saini ya mume. Nyumba inaanza kukosa fedha, mtumishi aliyekaa na watoto miaka kadhaa inabidi aagwe, na watoto wadogo bado wanaambiwa baba yuko safarini kikazi.

Hapa naomba wasomaji wangu, hasa walio wadogo, watulie nami kidogo. Kwetu mtu akifa kuna tanzia. Watu wanakuja, wanaume wanakaa nje kwenye mikeka na viti vya kuazima, wanawake ndani, chai inapikwa kwenye sufuria kubwa, kaburi linachimbwa, matanga yanakaliwa na kuanuliwa, mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi. Hatua zote hizo zina kazi. Zinamshika aliyefiwa mkono na kumvusha. Sasa mchukue mtu mumewe, usimwambie kama yu hai au amekufa. Eda ianze lini? Wanazuoni wa Kiislamu walilijadili jambo la mke wa mtu aliyepotea karne nyingi zilizopita: wapo waliosema asubiri miaka minne kisha akae eda, wapo waliosema asubiri mpaka uhakika upatikane. Walikuwa wakiwazia wasafiri wa jangwani na mabaharia. Hapa dola yenyewe inajua mtu aliko na inakaa kimya makusudi. Inamnyima mwanamke mume, kisha inamnyima na ujane. Mimi naona hiyo ya pili ndiyo iliyovunja nyumba nyingi zaidi.

Katika mtaa wetu, Mkoa wa Ziwa Magharibi, kama Kagera ilivyoitwa wakati ule, alihamia mama mmoja aliyevuka mpaka pale Mutukula na watoto wanne. Mumewe alikuwa karani Kampala. Watu wenye miwani myeusi walimkuta ofisini, wakamtia kwenye buti ya gari wenzake wakiona. Buti ya gari ilikuwa maarufu Uganda miaka ile, na jengo la usalama pale Nakasero lilitamkwa kwa kunong'ona. Mama yule alikuwa akishtuka kila mwanamume aliposema hodi kwa Kiswahili. Ilituuma sana, kwa sababu Kiswahili kwetu ni lugha ya salamu na ya shule. Lakini kwao ilikuwa lugha ya jeshi, na ndiyo waliyoisikia mlangoni usiku. Tulijifunza kumsalimia kwa Kihaya kwanza, akatulia, ndipo tukaendelea.

Hakuvaa nguo za msiba. Hakukubali kuitwa mjane, wala hakukataa. Alikuwa na kopo la Kimbo lililokwisha mafuta, na ndani yake akaweka risiti za kodi za mumewe, hati za mshahara, picha ya kitambulisho, na karatasi aliyoandika tarehe, saa, na rangi ya gari. Tulimwona kama mtu aliyekwama. Mama yangu peke yake ndiye aliyesema, mwacheni, huyo anafanya kazi.

Mama yangu alikuwa sahihi. Eunice Paiva naye alikuwa na karatasi yake. Alipokuwa kambini aliliona gari la mumewe limeegeshwa uani, na baadaye familia ilipokabidhiwa gari hilo jeshi lilitoa hati ya kulipokea. Jeshi, lililosema mfungwa alitoroka, mara nyingine linasema hata halikumshika. Na hii hapa karatasi ya jeshi inayorudisha gari alilokuja nalo. Aliitunza hati hiyo kuliko dhahabu. Akahama na watoto, akaingia chuo kikuu kusoma sheria akiwa na zaidi ya miaka 40, akawa wakili, na sehemu kubwa ya kazi yake ikawa kutetea ardhi za wenyeji wa asili wa Brazili. Filamu hailikazii sana jambo hili la mwisho, na hapo naidai. Tume ya Ukweli ya Brazili, iliyotoa taarifa yake Desemba 2014, iliorodhesha majina 434 ya waliouawa na waliopotezwa; lakini taarifa hiyohiyo ikakadiria kwamba wenyeji wa asili wasiopungua 8,350 walikufa katika jamii chache tu zilizochunguzwa, nao hawamo katika ile orodha ya majina. Familia ya Paiva ilikuwa na nyumba karibu na bahari, mawakili marafiki, waandishi wa habari waliowafahamu. Mama wa msituni hakuwa na hata kambi ya kwenda kuulizia. Eunice aliliona hilo, akawaendea. Ningependa kuona filamu ya pili juu ya miaka hiyo.

Ipo picha moja ambayo watu wengi wameizungumzia. Jarida linamtuma mpigapicha. Linataka familia yenye huzuni, mama na watoto bila baba. Eunice anawaambia watoto watabasamu. Mpigapicha anaomba wawe na nyuso za uzito. Wanatabasamu zaidi. Wajukuu zangu walipiga makofi hapo, wakaona ni ushujaa, na ni kweli. Mimi niliona pia gharama yake. Mama anayewafundisha watoto kutabasamu hana mahali pa kulia isipokuwa bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa. Watoto nao wanajifunza kutouliza. Nyumba nzima inakuwa na chumba kimoja kisichofunguliwa, kila mtu anakipita akienda zake. Kizazi kilicholelewa hivyo kina nidhamu, kinafanya kazi sana, na hakijui kuzungumza. Tusijidanganye kwamba kimya kile kiliwaokoa watoto bila kuwaachia alama. Kiliwaokoa, na kikawaachia alama.

Sisi huku tulikuwa na filamu zetu juu ya Amin. Mwaka 1981 ilitoka ile iliyoongozwa na Sharad Patel wa Kenya, ambamo Joseph Olita alimwigiza dikteta kwa namna iliyowafanya watu waogope kukutana naye barabarani. Tuliijaza kumbi za sinema. Robo karne baadaye ikaja ya Forest Whitaker, iliyompatia Oscar, na humo tena yuko Amin na daktari wa Kiskoti wa kubuni. Filamu ya Mira Nair ya 1991, ile inayoanza na familia ya Kihindi kufukuzwa Kampala mwaka 1972, ndiyo niijuayo iliyoingia ndani ya nyumba, na hata hiyo inaondoka upesi kwenda Marekani. Tumetazama sana uso wa mtawala. Tunamjua kicheko chake, medali zake, magari yake. Nani anaujua uso wa mke wa Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu aliyekamatwa ndani ya jengo la Mahakama Kuu Septemba 1972, na mwili wake haukukabidhiwa kwa familia? Katika Bado Nipo Hapa hakuna jenerali hata mmoja anayepewa nafasi ya kuongea kwa kirefu. Picha za watawala zimetundikwa ukutani ofisini, basi. Salles ameinyima dola jukwaa, akampa mama wa nyumbani saa mbili zote. Waongozaji wetu wa filamu, wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, naomba walitazame hilo kwa makini.

Na masimulizi yapo. Mwaka 1973 serikali ya Amin ilitoa sheria ya kusimamia mali za watu waliopotea. Fikiri kidogo: waliokuwa wakiwapoteza watu ndio walioandika utaratibu wa kusimamia mali zao. Mwaka 1974, baada ya kelele za dunia, Amin huyohuyo akaunda tume ya kuchunguza watu waliopotea tangu siku aliyotwaa madaraka, chini ya Jaji Mohamed Saied. Wanawake wakajipanga kutoa ushahidi mbele ya tume ya mtu waliyemshtaki. Walitaja majina ya maofisa na mahali wapendwa wao walipoonekana mwisho. Ripoti ikaandikwa, ikafungiwa. Kila nikisikia kijana akisema kizazi kile hakikusema kitu, nawawazia wanawake wale wakitoka asubuhi na makopo yao ya Kimbo, wakijua kabisa kwamba jioni huenda wasirudi.

Eunice alipewa cheti cha kifo cha mumewe mwaka 1996, miaka 25 baada ya siku ile ya Januari, kufuatia sheria ya mwaka uliotangulia iliyokubali kwamba waliopotezwa wamekufa. Katika filamu anakishika mbele ya waandishi wa habari, anacheka, kwa furaha ya ajabu ya mtu anayekabidhiwa msiba wake mwenyewe. Januari 2025, filamu ikiwa bado inaonyeshwa, cheti hicho kilirekebishwa ili kiseme wazi kwamba kifo kilikuwa cha kikatili na kilisababishwa na dola. Waliofanya kitendo chenyewe, wale waliobaki hai mpaka waendesha mashtaka walipowafungulia kesi mwaka 2014, hakuna aliyekwenda jela. Sheria ya msamaha ya 1979 ilitungwa wanajeshi wakiwa bado madarakani, na inaendelea kuwakinga. Eunice alifariki Desemba 2018, akiwa amesahau mengi kwa maradhi ya Alzheimer. Mwanawe alianza kuandika kitabu wakati kumbukumbu ya mama ikitoweka.

Mwishoni mwa filamu Fernanda Montenegro anamwigiza Eunice mzee, naye ndiye mama mzazi wa Fernanda Torres aliyemwigiza Eunice katika sehemu kubwa ya filamu. Amekaa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya televisheni, hasemi neno, na taarifa inayosomwa inahusu Tume ya Ukweli. Sitaeleza zaidi, nendeni mkaone. Lakini kabla ya hapo kuna mazungumzo mafupi baina ya watoto ambao sasa ni watu wazima: wewe ulimzika baba lini? Kila mmoja ana tarehe yake. Mmoja anakumbuka siku walipohama, mwingine nguo zilipogawiwa. Walikaa nyumba moja, meza moja, miaka yote hiyo, na hawakuwa wamewahi kuulizana.

Swali hilo nililipeleka kwa watoto wa yule jirani yetu. Mama yao alirudi Uganda baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, akaishi Masaka mpaka uzee, akafa bila kupata karatasi yoyote. Kopo lake analo binti wa tatu. Binti huyo akaniambia yeye alimzika baba siku waliyovuka mpaka, alipoona mama amechukua sufuria na kuacha koti la baba msumarini. Wa pili akasema ni baada ya vita, walipofika Kampala na kukuta watu wengine wanaishi nyumbani kwao. Kitinda mimba hamkumbuki baba, alisema hajui kama ana haki ya kujibu, nami nikamwambia anayo. Sasa hivi wana shauri la kwenda mahakamani kuomba baba atambuliwe kuwa amekufa, ili kiwanja cha Kampala kiweze kugawanywa; wakili anahitaji saini nne. Tatu zimepatikana. Mkubwa wao, ambaye alikuwa na miaka tisa baba yake alipochukuliwa, anasema hawezi kutia saini kifo ambacho serikali haijakikiri. Wadogo zake wamenitaka nizungumze naye kama mtu mzima, nimlainishe. Nimempigia simu mara kadhaa. Tumeongea habari za ng'ombe, za mvua, za wajukuu wake, na nimekataa kumwambia atie saini.